Kutoka chumba cha pampu hadi kwenye simu: namna ya kuunganisha vidhibiti vya jumba na intaneti

Shuka hadi chini kabisa ya jumba la ghorofa Nairobi au viungani mwake, tuseme Kileleshwa, Ruaka au Syokimau, pita yalipoegeshwa magari, utafika kwenye mlango wa chuma ambao ufunguo wake anao msimamizi wa ploti peke yake. Ndani kuna kelele na unyevu. Kuna pampu mbili za kupandisha maji, kabati lenye taa nyekundu na kijani, mita ya stima, na hatua chache kando, jenereta. Karibu kila kimoja kina kidhibiti chenye akili ya kutosha. Cha jenereta kinajua dizeli imebaki asilimia ngapi, mita inajua volti za kila fezi, na inverta ya pampu, kifaa cha kurekebisha kasi ya mota, inajua mota imekula ampea ngapi. Ila ujuzi huo wote unaishia humo humo ndani. Anayetaka kujua tenki la juu lina maji kiasi gani hupanda hadi paani, akafunua kifuniko na kumulika kwa tochi.

Chungulia upande wa chini wa vidhibiti hivyo. Mara nyingi utaona skrubu mbili ndogo zilizoandikwa A na B, au + na −, ambazo hazijawahi kufungwa waya tangu jumba lijengwe. Mwongozo huu unaanzia kwenye skrubu hizo.

Nitatumia jumba la mfano: tenki la chini linalopokea maji ya kanjo siku ya zamu, tenki la juu, pampu mbili, mita moja ya fezi tatu na jenereta moja. Ukiwa na chumba baridi cha maua au mashine za kiwanda kule Industrial Area, kazi ni ile ile, majina ya vifaa tu yatabadilika.

Kabla ya kushika bisibisi

Mtandao wa vidhibiti na intaneti ni majirani wasiofanana tabia. Modbus, lugha inayozungumzwa na vifaa vingi vya aina hii, ilibuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa matumizi ya ndani ya uzio wa kiwanda. Ni ya polepole lakini ina nidhamu: mmoja anauliza, mmoja anajibu, wengine wamenyamaza. Haina nywila. Yeyote aliyeshika waya anaaminiwa kama mwenyeji. Intaneti nayo ina kasi na imeenea kote, lakini hupotea bila kuaga, na imejaa watu usiowajua.

Katikati yao unaweka lango, yaani kompyuta ndogo ambayo upande mmoja imefungwa waya wa Modbus na upande wa pili ina laini ya data. Lango lina kazi mbili, ukalimani na ubawabu. Wengi hufanya ukalimani wakasahau ubawabu. Tena kuna jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: uamuzi wa kuwasha na kuzima ubaki kule chini, kwenye kidhibiti. Intaneti ipewe habari, na ikitaka kitu iombe. Nililijua hilo kwa gharama, nitafika hapo.

Hatua ya 1: Andika ulicho nacho

Chukua daftari, siyo simu, maana mikono italowa. Kwa kila kifaa andika jina, namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko, kama kina RS-485 (zile skrubu za A na B, ndizo njia ya waya ambayo Modbus hupita) au la, na umbali wake kutoka mahali utakapoweka lango. Kisha tafuta kitabu chake cha maelezo na uchapishe ukurasa wenye jedwali la rejista, yaani visanduku vyenye namba ambamo kifaa huweka vipimo vyake. Bila jedwali hilo kifaa ni bubu kwako hata kikiongea siku nzima.

Kuna vifaa visivyo na RS-485 kabisa, hasa makabati ya pampu ya zamani yenye kontakta na rilei tu, yaani swichi zinazovutwa na koili ya umeme. Hayo usiyang'oe. Kontakta nyingi zina mguso wa ziada usiobeba stima. Funga nyaya mbili kutoka hapo hadi kwenye moduli ndogo ya Modbus yenye viingizo, na utajua pampu inafanya kazi au imelala. Kwa kimo cha maji, nunua kihisi cha kuzamishwa chenye mkondo wa miliampea 4 hadi 20.

Lango lenyewe linaweza kuwa Raspberry Pi au kifaa cha kiwandani kinachofungwa kwenye reli ya kabati. Pi ni nzuri kwa kujifunzia, na hata kwa kazi ya kweli, mradi usiiache iendeshwe na kadi ya kumbukumbu ya bei ya chini. Stima ikikatika mara kumi, kadi hiyo hufa. Tumia diski ya SSD, na uweke betri ndogo ya volti 12 ili lango na ruta vibaki hai stima inapopotea, kwa sababu dakika hizo ndizo watu hutaka habari kuliko wakati mwingine wowote. Kigeuzi cha RS-485 kwenda USB utakipata maduka ya Luthuli Avenue. Uliza kile kilichotenganishwa umeme kati ya pande mbili. Ni ghali kidogo, lakini siku hitilafu ya kabati ikipita kwenye waya, kitaungua chenyewe na kukuachia kompyuta.

Hatua ya 2: Waya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Waya wa RS-485 hupita kutoka kifaa hadi kifaa kama kamba ya kuanikia nguo: lango, kisha mita, kisha inverta ya kwanza, ya pili, jenereta, mwisho. Fundi aliyezoea taa atataka kutoa waya mmoja kutoka kabatini hadi kwa kila kifaa, kama miguu ya buibui. Mkatalie kwa upole. Ishara ikifika mwisho wa kila mguu hurudi kama mwangwi na kugongana na zinazokuja, nawe utapata mtandao unaofanya kazi asubuhi na kugoma jioni.

Tumia jozi ya nyaya zilizosokotwa pamoja, A hadi A, B hadi B, na waya wa tatu wa kuunganisha sifuri za vifaa. Kwenye ncha mbili za kamba, na hapo tu, weka rezista ya omu 120 kati ya A na B. Ukifuata hivyo, waya unaweza kufika mita 1,200 kwa mwendo mdogo, na vifaa 32 vya kawaida vikaning'inia juu yake. Jumba letu halitafika hata robo ya hapo.

Watengenezaji hawajakubaliana A ni ipi na B ni ipi. Kifaa kisipojibu, badilisha nyaya hizo mbili ujaribu tena, hakuna kitakachoungua. Ila pitisha waya huu mbali na nyaya nene za mota, hasa zile zitokazo kwenye inverta, maana zinatoa kelele ya umeme inayotafuna ishara. Zikilazimika kukutana, zivukane kama msalaba, zisiende sambamba. Kama waya ni wa ngao, funga ngao kwenye erthi upande mmoja tu.

Kihisi cha tenki la juu kitahitaji waya wa kwenda paani. Weka kinga ya radi kwenye ncha zake zote mbili. Masika ya Machi hadi Mei hayasamehe waya mrefu ulioanikwa juu ya ghorofa.

Kabati lenyewe lina volti 240, na 415 kati ya fezi na fezi. Sehemu hiyo mwachie fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, hata kama unajiamini.

Hatua ya 3: Anwani

Kila kifaa kwenye kamba kinahitaji namba yake, kati ya 1 na 247. Vingi hutoka kiwandani vikiwa na namba 1, na viwili vyenye namba moja vitajibu kwa pamoja na hutaelewa lolote. Kwa hivyo viwashe kimoja kimoja, badilisha namba, bandika kibandiko juu yake, ndipo uende kwa kinachofuata. Mwendo wa mawasiliano uwe sawa kwa vyote. Mimi hutumia 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde.

Hatua ya 4: Soma kwa laptopu kwanza

Usikimbilie kuandika programu. Keti kwenye kreti chumbani mle na laptopu, chomeka kigeuzi, uliza kifaa kimoja swali moja. Kwenye Linux kuna programu ndogo iitwayo mbpoll. Tuseme mita yetu ni ya familia ya Eastron SDM, ambazo ni za kawaida na jedwali lao liko wazi, na tumeipa anwani 5:

`mbpoll -m rtu -a 5 -b 9600 -P none -t 3:float -B -r 1 -c 1 -1 /dev/ttyUSB0`

Ukipata namba inayokaribia 240, umefanikiwa. Usipopata, pitia mambo manne haya, kwa sababu kosa karibu daima limo humo.

La kwanza ni hesabu ya moja. Kitabu kinaweza kuandika rejista 30001 au 40001, lakini kwenye waya rejista hiyo husafiri kama sifuri. Baadhi ya programu hupunguza moja zenyewe, nyingine hazipunguzi. Ukiona volti zimekaa mahali pa ampea, ndilo hilo.

La pili ni aina ya rejista. Zinazoanza na 3 husomwa kwa amri namba 4, zinazoanza na 4 husomwa kwa amri namba 3. Najua. Mtu aliyepanga hivyo hakuwa akitufikiria sisi.

La tatu ni mpangilio wa maneno. Rejista moja ina biti 16 tu, kwa hivyo namba yenye desimali hugawanywa katika rejista mbili. Volti 240 kamili kwenye mita hizi hufika kama 4370 na 0000 kwa hesabu ya kumi na sita. Ukizisoma kinyume, utapata desimali ndogo mno isiyofaa kitu. Ukisoma rejista ya kwanza peke yake kama namba nzima, utapata 17264. Ukiiona namba hiyo usiogope kuwa stima imepanda; umesoma nusu ya neno.

La nne ni kipimo. Vidhibiti vingi vya jenereta havitumi desimali. Hutuma 2405 wakimaanisha 240.5, na jedwali hukuambia ugawanye kwa kumi.

Linganisha kila namba na kioo cha kifaa chenyewe. Ukimaliza vifaa vyote, daftari lako litakuwa na kurasa mbili ambazo thamani yake inazidi ya vifaa ulivyonunua.

Hatua ya 5: Kimo cha maji

Kihisi cha 4 hadi 20 kinastahili maelezo mafupi. Kikiwa cha upeo wa mita 5, miliampea 4 ni mita sifuri na 20 ni mita 5. Kimo ni miliampea ukitoa 4, ugawanye kwa 16, uzidishe kwa 5. Tenki letu lina kina cha mita 2.5, kwa hivyo miliampea 8 ni mita 1.25, nusu tenki, na 12 limejaa.

Uzuri wa kuanzia 4 badala ya 0 ni kwamba waya ukikatika hausomeki kama tenki tupu. Lango likiona mkondo chini ya 3.6, liseme kihisi kimeharibika, na lisitoe asilimia yoyote. Vinginevyo panya mmoja atakayetafuna waya atawafanya wapangaji wote wahamishe ndoo.

Hatua ya 6: Ukalimani

Sasa lango lisome vifaa vyote kwa zamu. Programu ya Node-RED inafaa kwa anayependa kuchora mtiririko kwa kipanya. Anayejua Python atumie Python. Muda si tatizo: kwa mwendo wa 9600, herufi 960 hupita kwa sekunde, na swali la rejista mbili pamoja na jibu lake ni herufi 17, kama milisekunde 18. Ongeza muda wa kifaa kufikiri, bado maswali kumi yanaisha ndani ya sekunde moja.

Kazi ya ukalimani ni kugeuza "kifaa 7, rejista 0" kuwa jambo lenye maana. Nje ya lango pasiwepo mtu wa kujua rejista ni nini. Ujumbe uonekane hivi:

`jumba1/tenki-juu/kimo {"mita":1.84,"asilimia":74,"muda":"2025-03-14T17:20:00Z"}`

Angalia muda. Hifadhi saa ya ulimwengu ndani, kisha mwishoni kabisa, mbele ya macho ya mtu, ongeza saa tatu za Nairobi. Na hapo kuna mtego wetu wenyewe. Niliwahi kutuma tahadhari iliyosema "Dizeli imepungua, saa 8:00". Msimamizi akasoma saa nane, yaani saa nane za mchana, nami nilimaanisha asubuhi. Tangu hapo programu yangu hutoa saa sita na kuandika "saa 2 asubuhi". Ukitumia saa za kidijitali andika 20:20, na usichanganye mitindo hiyo miwili kwenye mfumo mmoja.

Kabla hujaendelea fikiria bando. Ujumbe wa baiti 200 kila sekunde 10 ni kama megabaiti 52 kwa mwezi kwa kifaa kimoja, kwa vifaa vitano 260. Ukituma kila dakika, vyote vitano havifiki megabaiti 45. Ninachofanya ni kutuma pale tu namba inapobadilika vya kutosha, tuseme asilimia mbili ya tenki, na vilevile mara moja kila dakika tano hata kama hakuna kipya. Huo wa dakika tano ni mapigo ya moyo. Ukikosekana, kuna jambo.

Hatua ya 7: Kutoka nje

Jaribio la kwanza la kila mtu ni kutaka simu ipige hodi kwenye lango. Kwa laini ya data ya simu hutaweza: unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine wengi, na hodi kutoka nje haina pa kufikia. Ni heri iwe hivyo. Geuza mwelekeo, lango ndilo litoke kwenda kutafuta seva, na mlango wa kuingilia kutoka nje usiwepo kabisa.

MQTT, lugha ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi mfupi, ilitengenezwa kwa hali hii hii. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakiwasiliana kwa setilaiti, ambapo kila baiti ililipiwa. Katikati kuna broka, na jina hilo halihitaji tafsiri Nairobi: muuzaji na mnunuzi hawakutani, kila mmoja anaongea na broka. Lango linampa habari za `jumba1/tenki-juu/kimo`, na simu iliyosema inataka mada hiyo inapelekewa.

Sakinisha Mosquitto, programu inayofanya kazi ya broka, kwenye seva ya kukodi. Kuanzia toleo la 2.0 inakataa wageni mpaka uipangie, na wengi hudhani imeharibika, iko sawa. Tumia mlango 8883 (mlango hapa ni namba ya njia ya kuingilia kwenye seva) wenye usimbaji na cheti, uache 1883 ulio wazi. Kila lango lipewe jina na nywila yake, na ruhusa ya kuandika kwenye mada za jumba lake tu, ili lango likiibwa lisiweze kusema uongo kuhusu jumba la jirani. Kisha ukiwa nyumbani jaribu:

`mosquitto_sub -h seva-yako -p 8883 --capath /etc/ssl/certs -u msimamizi -P nywila -t 'jumba1/#' -v`

Mambo matatu ya MQTT yatumie tangu siku ya kwanza. Daraja la 1 la uhakika, ambapo ujumbe hurudiwa mpaka upokelewe. Ujumbe wa kuhifadhiwa, ambao humfanya mtu akifungua programu aone hali ya mwisho mara moja. Na wosia: lango linapoingia humwachia broka ujumbe wa "nimekufa", naye huutangaza lango likikatika bila kuaga.

Ila usiweke amri yoyote kama ujumbe wa kuhifadhiwa. Broka ataitunza "washa pampu" na kuikabidhi upya kila lango linaporudi mtandaoni, hata wiki tatu baadaye, saa nane za usiku.

Weka pia hifadhi ndogo ndani ya lango, SQLite inatosha, iandike kila kipimo kabla ya kukituma. Intaneti ikirudi, lango litume kilichobaki kikiwa na muda wake halisi.

Hatua ya 8: Kuwasha kutoka mbali, na lile tenki

Miaka michache iliyopita, kwenye jumba la ghorofa sita, niliona fahari kuweka kanuni zote kwenye seva. Kihisi kinasema tenki limefika asilimia 95, seva inatuma "zima", pampu inazima. Ilifanya kazi miezi miwili. Boya la zamani la tenki, swichi inayoelea na kuzima pampu maji yakijaa, nilikuwa nimeliondoa kwa mkono wangu mwenyewe, nikaona limepitwa na wakati. Usiku mmoja wa mvua mtandao ukapotea pampu ikiwa inavuta. Hakuna aliyeiambia izime. Maji yalijaza tenki, yakashuka ngazi, yakaingia shimo la lifti.

Asubuhi msimamizi, mzee wa makamo aliyekuwa akikokota maji kwa fagio, aliniuliza, "Fundi, na hiyo simu yako ilikuwa inasemaje?" Nikamfungulia. Ilikuwa ikisema asilimia 92, kwa rangi ya kijani, tangu saa tano za usiku.

Kwa hivyo sasa nafanya hivi. Boya linarudi mahali pake, limefungwa moja kwa moja kwenye koili ya kontakta, na haliulizi kompyuta yoyote. Boya la pili linakaa tenki la chini ili pampu isivute hewa. Kidhibiti kwenye kabati ndicho kinachoamua. Kinachotoka kwenye simu nakiita ombi: kina muda wake wa kuisha, sekunde 30, na lango likilipokea huangalia kwanza kama tenki la chini lina maji na la juu lina nafasi. Likikubali, linaandika rejista, linasoma tena kuona kama pampu imewaka kweli, ndipo simu inaonyesha "imewaka". Kubonyeza tu hakubadilishi rangi ya kitu.

Kwenye mlango wa kabati weka swichi ya nafasi tatu: mkono, zima, otomatiki. Ikiwa kwenye mkono au zima, ombi la mbali halipiti, na hilo lifanywe kwa waya, lisitegemee programu. Fundi anapofungua pampu, azime swichi kuu na kuifunga kwa kufuli lake. Mikono yake iko ndani ya mashine, na mwenye jumba aliye Mombasa ana kitufe mfukoni.

Hatua ya 9: Simu ya mtu

Skrini nzuri ni rahisi kuipata. Grafana au dashibodi ya Node-RED zitakufikisha. Kila namba iwe na umri wake pembeni, "dakika 2 zilizopita", na ikipita dakika kumi igeuke kijivu. Hilo ndilo fundisho la ile kijani.

Lakini wasimamizi wengi wana kabambe, simu ndogo ya vitufe, au simu mahiri isiyo na bando. Tahadhari zipite kwa SMS. Africa's Talking, kampuni ya hapa hapa Nairobi, inaruhusu programu yako kutuma SMS kwa mistari michache ya msimbo. Andika ujumbe kama unavyomwambia mtu aliye mlangoni: "Tenki la juu limebaki robo. Pampu haijawaka. Angalia swichi kwenye kabati." Msimbo wa kosa namba 17 mwachie fundi.

Tahadhari ya robo tenki ikishatumwa, isirudie mpaka maji yafike nusu kisha yashuke tena. Bila pengo hilo, mawimbi ya maji kwenye robo yatatuma SMS arobaini kwa saa, na ya arobaini na moja, iliyo ya kweli, haitasomwa na mtu.

Ukifika hatua ya kupima maji ya kila nyumba, kumbuka matumizi ya maji husema nani yuko nyumbani na nani amesafiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hapo. Waambie wapangaji unakusanya nini, na mpangaji aone mita yake tu.

Hatua ya 10: Ubawabu

Mlango 502 wa Modbus TCP, ile Modbus inayopita kwenye mtandao wa kompyuta, usifunguliwe kwenye ruta kuelekea intaneti, hata kwa jioni moja ya majaribio. Hauna nywila, na kuna mitambo inayozunguka intaneti usiku na mchana ikitafuta mlango huo. Vivyo hivyo kwa BACnet, lugha ya viyoyozi vya majumba makubwa, ambayo hutumia mlango 47808. Ukitaka kuingia kwenye lango kwa matengenezo, pita kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri iliyosimbwa. Badilisha nywila za kiwandani za ruta, lango na Node-RED. Vifaa vya udhibiti visishiriki Wi-Fi na wapangaji.

Hatua ya 11: Haribu kwa makusudi

Chagua Jumanne asubuhi, msimamizi akiwepo na matenki yote yakiwa nusu. Chomoa laini ya data: pampu ziendelee kama kawaida, wosia utangazwe. Zima stima ya kabati: jenereta iwake, lango libaki hai kwa betri, SMS ifike. Chomoa waya wa kihisi: skrini iseme kihisi kimeharibika. Zima lango kabisa: maboya yafanye kazi yao. Tuma ombi la kuwasha swichi ikiwa kwenye mkono: likataliwe, na sababu ionekane.

Mwisho, chomoa laini ya data jioni na uiache hivyo hadi asubuhi. Ukiirudisha, mstari wa usiku kucha ujichore wenyewe kwenye skrini, maji yakishuka watu wanapooga, yakipanda pampu ikiwaka, kila kipimo kwa saa yake. Chapisha kurasa mbili za daftari, zitie kwenye karatasi ya plastiki, uzibandike ndani ya mlango wa kabati, na umrudishie mzee ufunguo wake.